Somo la utambi tusiwaachie wauzaji wa vepu

Walimu wengi wa shule za sekondari ninaozungumza nao huku Ruiru na Thika hunieleza jambo moja: kwamba ni nadra sasa muhula kumalizika bila wao kukuta, katika mfuko wa sweta au chini ya godoro bwenini, kile kifaa kidogo kinachofanana na kalamu au kiberiti cha gesi, ambacho magazeti hukiita sigara ya elektroniki na vijana hukiita vepu. Hatua zinazofuata zajulikana. Kifaa hufungiwa kabatini, mzazi huitwa, mwanafunzi hupewa barua ya kukaa nyumbani, na mwalimu mkuu hutoa onyo kali kwenye gwaride. Kisha mambo hutulia hadi kifaa kingine kipatikane.

Sina ugomvi na nidhamu. Shule isiyo na kanuni si shule. Lakini nauliza: katika hatua zote hizo, somo liko wapi? Mtoto ameadhibiwa, ila hajafundishwa. Anarudi darasani akiwa na habari zile zile alizopewa na aliyemwuzia, yaani kwamba vepu ni mvuke tu, kwamba ni maji yenye harufu ya embe, kwamba haina madhara. Maoni yangu ni kwamba walimu, na hasa walimu wa sayansi, wanapaswa kukifahamu kifaa hiki kuanzia ndani na kuwaeleza wanafunzi bila kificho jinsi kinavyofanya kazi. Nasema hivyo si kwa sababu nakipenda, bali kwa sababu ukweli wake wenyewe watosha kumwonya mwenye akili.

Anayetilia shaka haja hiyo na afike Kamakis Jumamosi jioni. Kwa msomaji asiyepafahamu, Kamakis ni pale Ruiru, kando ya Barabara ya Eastern Bypass, si mbali na inapokutana na Barabara Kuu ya Thika. Tangu barabara hizo zijengwe na kupanuliwa, mahali hapo pamekuwa mashuhuri kwa nyama choma, muziki na pahali pa kuoshea magari. Vyuo vikuu haviko mbali: Kenyatta iko upande wa Kahawa, Zetech iko Ruiru penyewe, na Jomo Kenyatta iko Juja. Vijana wa rika zote hufika huko kustarehe, na wengi wao utawaona wamefunikwa na wingu jeupe lenye harufu ya peremende.

Wapo miongoni mwao ambao hawanunui vepu za kutupwa zikiisha, bali hununua tangi linaloweza kufunguliwa na kusukwa upya. Nilipata kumtazama mmoja, kijana wa miaka ishirini na kitu, akiifanya kazi hiyo juu ya meza kwa utulivu wa fundi saa. Aliuzungusha waya mwembamba ukawa koili. Akapenyeza utepe wa pamba ndani ya koili, akauvuta taratibu ili kuhakikisha kwamba unapita kwa ugumu kidogo bila kuupinda waya. Akazikata ncha mbili za pamba kwa makasi, akazichambua kwa sindano hadi zikawa laini kama sufi, kisha akazilaza juu ya vijitundu vinavyoingiza kiowevu, pasipo kuzishindilia. Akailowesha pamba yote, akangoja dakika kadhaa, ndipo akawasha kwa nguvu ndogo ya umeme.

Nilimwuliza kwa nini asishindilie pamba nyingi ili tangi lisivuje. "Ukishindilia, Mwalimu, kiowevu hakipandi, utavuta moto mtupu," akanijibu. "Na ukipunguza sana, chote kitakumwagikia mfukoni." Nilipomsifu kwa ujuzi wake wa Fizikia alicheka, akaniambia kwamba somo hilo aliliacha alipomaliza kidato cha pili kwa kuwa hakuona lina faida gani.

Jibu hilo lilinisikitisha kuliko wingu la moshi wenyewe. Kwa hakika, yote aliyoyaeleza kijana yule ni Fizikia ya kidato cha kwanza. Chembe za kiowevu huvutwa na nyuzi za pamba, nazo huvutana zenyewe kwa zenyewe, hivyo kiowevu hupanda kati ya nyuzi bila kusukumwa na pampu yoyote. Kadiri nafasi zinavyokuwa nyembamba ndivyo kiowevu kinavyoweza kupanda juu zaidi, jambo ambalo Mwingereza James Jurin alilieleza mapema katika karne ya 18. Lakini nafasi nyembamba pia hukipunguzia kiowevu mwendo. Mwanafunzi wa Kilimo hulikuta jambo hilo hilo anaposoma jinsi maji yanavyopanda katika udongo: katika mchanga hupanda upesi lakini hayafiki mbali, na katika mfinyanzi hupanda polepole lakini hufika juu zaidi. Mwanafunzi wa Biolojia naye hulikuta anaposoma jinsi mti unavyonyonya maji kutoka mizizini.

Isitoshe, wazee wetu waliyajua haya bila kuingia darasani. Nani kati ya waliosomea kwenye mwanga wa koroboi asiyejua kwamba utambi uliobana mno hutoa mwali dhaifu, na uliolegea huyaachia mafuta ya taa yakatapakaa kwenye kopo? Nani aliyepika kwa stovu ya tambi asiyeikumbuka harufu ile kali mafuta yalipokwisha na tambi zikaanza kujiunguza zenyewe? Utambi wenye mafuta hauungui ovyo, kwa maana mafuta ndiyo yanayoungua. Utambi mkavu hujila wenyewe. Vepu imerithi sheria hiyo, tofauti ni kwamba kinachotoka kwenye koroboi kilikwenda darini, na kinachotoka kwenye vepu huenda mapafuni.

Hebu tuitazame kwanza hali ya ukavu, ambayo wavutaji huiogopa kuliko zote. Kiowevu cha vepu kwa kawaida ni mchanganyiko wa gliserini na propilini glaikoli, pamoja na vikolezo vya harufu na, mara nyingi, nikotini. Propilini glaikoli huchemka kwenye nyuzi 188 za selsiasi, na gliserini kwenye nyuzi 290. Maadamu pamba imelowa, joto la waya hutumika kukichemsha kiowevu na haliwezi kupanda sana, kama vile sufuria yenye maji isivyoungua jikoni. Maji yakikauka, sufuria huungua mara moja. Ndivyo ilivyo pamba ikikauka. Waya hupata joto kupita kiasi, gliserini iliyosalia huvunjika na kutoa akrolini, ambayo ndiyo ile harufu inayowasha macho mafuta ya kukaangia yanapoungua. Hutoka pia fomaldehaidi, kemikali inayojulikana kusababisha saratani. Hatimaye pamba yenyewe huungua, na mvutaji hukohoa kama aliyemeza kaa la moto.

Jambo hili limewahi kuzua mjadala mkubwa miongoni mwa wataalamu. Mnamo 2015, watafiti waliochapisha matokeo yao katika New England Journal of Medicine walisema kwamba kifaa kilipowashwa kwa volti 5 walipata fomaldehaidi nyingi, lakini kwa volti 3.3 hawakuipata. Mwaka huo huo Konstantinos Farsalinos wa Ugiriki na wenzake walijibu katika jarida la Addiction kwamba kiasi kikubwa namna hiyo hutokea katika mvuto mkavu, ambao mvutaji mzoefu huutambua kwa uchungu wake na kuuepuka. Tafadhali msomaji zingatia kwamba pande zote mbili zinakubaliana kuhusu jambo la msingi: utambi ukikauka, sumu huongezeka. Ubishi wao ulikuwa juu ya mara ngapi mtu huvumilia kuuvuta. Nami nauliza: mtoto wa miaka kumi na minne, anayevuta kwa kujificha chooni na kwa haraka, na asiyejua ladha ya kawaida ni ipi, atautambuaje mvuto mkavu?

Sasa tuje kwenye uvujaji. Tangi limezibwa juu, hivyo kiowevu hakiwezi kutoka mpaka hewa iingie kuchukua nafasi yake. Mwanafunzi yeyote anaweza kulihakikisha hilo kwa mrija wa soda: akiuzamisha katika maji, akaziba juu kwa kidole na kuuinua, maji hayadondoki. Katika tangi, pamba iliyolowa ndiyo kidole hicho. Ikiwa chache mno, hewa huingia bila kizuizi na kiowevu hufurika. Ikiwa ya kutosha, hewa huingia kwa mapovu madogo madogo, kila mvuto na kiasi chake.

Aidha, kuna sababu ya uvujaji ambayo yatuhusu sisi wakazi wa nyanda za juu. Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kuliko ya Mombasa kwa takribani sehemu moja ya sita. Tangi lililojazwa nusu Mombasa na kupandishwa Ruiru hubeba hewa ya pwani iliyofungiwa ndani. Hewa hiyo hutanuka na kukisukuma kiowevu nje kupitia utambini, kama paketi ya kripsi inavyovimba njiani. Lau swali hilo lingetahiniwa, ningependa kuona ni wanafunzi wangapi wangelijibu.

Uvujaji si kero ya kuchafua suruali tu. Nikotini ni sumu. Huweza kupenya kwenye ngozi, na kiowevu chenye nikotini nyingi ni hatari kubwa kwa mtoto mdogo anayekilamba kwa kudanganywa na harufu ya matunda. Kijana anayeificha vepu inayovuja katika mfuko wa nguo, kisha akaitupa nguo hiyo kitandani anapolala mdogo wake, amekwisha kuileta hatari nyumbani hata kama hajawasha kitu.

Yamkini baadhi ya wasomaji wataniuliza: je, huku si kuwafundisha watoto kuvuta? Hoja hiyo ina uzito nami siipuuzi. Lakini tusijidanganye. Maarifa ya kuusuka utambi yako mikononi mwa vijana tayari, tena yanatolewa bure na watu wenye bidhaa ya kuuza. Asiyeyajua ni mwalimu. Na mwanafunzi akigundua kwamba mwalimu hajui anachokikataza, huliweka onyo lake pamoja na hadithi za mazimwi. Tunafundisha jinsi malaria inavyoenea pasipo kumtakia mtu homa. Tunafundisha jinsi virusi vya Ukimwi vinavyoambukizwa kwa nia ya kuokoa maisha. Kwa nini tuone haya kufundisha jinsi pamba inavyoungua?

Wengine watasema kwamba vepu iliundwa kwa wema. Ni kweli kwamba Hon Lik, mfamasia wa Uchina aliyeibuni ile ya kisasa mnamo 2003, alikuwa mvutaji aliyetaka kuachana na sigara. Ni kweli pia kwamba Uingereza, wakuu wa afya huwahimiza wavutaji watu wazima wahamie vepu kwa kuwa haichomi tumbaku. Mwalimu asiyaogope maneno hayo, wala asiyafiche. Ayaeleze, kisha aongeze kwamba nafuu hiyo hupimwa kwa kulinganisha na sigara, ambayo ni miongoni mwa vitu vinavyoua watu wengi mno duniani. Kwa mtoto ambaye hajawahi kuvuta chochote, kipimo ni hewa safi. Kwake yeye vepu si ngazi ya kushukia bali ni ya kupandia, na nikotini humkamata mapema kwa kuwa ubongo wa kijana bado unakua.

Vivyo hivyo, mwalimu asitie chumvi. Kati ya 2019 na Februari 2020, watu zaidi ya 2,800 nchini Marekani waliugua vibaya mapafu au kufa kutokana na vepu, na waliothibitishwa kufa walikuwa 68. Wachunguzi waliuhusisha ugonjwa huo hasa na aina ya vitamini E iliyochanganywa katika viowevu vya bangi. Mwalimu anayesema kwamba kila vepu itamwua mtu namna hiyo atapingwa na mwanafunzi mmoja mwenye simu, na darasa zima litamcheka. Lakini akiueleza mkasa huo ulivyo, atakuwa amefundisha jambo kubwa zaidi, nalo ni kwamba anayevuta hajui kilichotiwa ndani ya tangi, hasa akikinunua vichochoroni.

Napendekeza nini basi? Kwanza, somo la utambi lifanywe kwa vitendo, pasipo vepu wala nikotini. Mwalimu achukue vipande vitatu vya mrija, atie pamba kidogo katika cha kwanza, ya wastani katika cha pili, na aishindilie katika cha tatu. Avisimamishe katika maji yenye rangi, kisha katika gliserini inayouzwa kwenye duka la dawa, na wanafunzi wapime kwa rula na saa. Wataona wenyewe kwamba gliserini, kwa uzito wake wa kutiririka, husafiri polepole mno. Hapo wataelewa ni kwa nini mvutaji mwenye pupa huikausha pamba yake kabla haijajazwa tena. Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa shuleni kote nchini 2019, unatutaka tufundishe kwa kutenda. Hili ni tendo lisilohitaji maabara ya mamilioni.

Pili, umeme wa kifaa hicho nao ufanyiwe hesabu. Betri iliyojaa ya volti 4.2, ikiunganishwa na koili yenye ukinzani wa omu 0.5, hupitisha mkondo wa ampea 8.4 na kutoa wati 35 na ushei, katika kifaa kinachotoshea kiganjani. Mwanafunzi akishaipata hesabu hiyo kwa kalamu yake mwenyewe, ataelewa ni kwa nini betri mbovu au waya uliogusana visivyo huweza kulipuka mfukoni. Vifaa vilivyonyang'anywa, hata hivyo, visifunguliwe darasani, kwani betri na kiowevu chake si vya kuchezewa.

Tatu, tuwaambie vijana kwamba zile vepu za kutupwa, zinazopendwa kwa kuwa hazina usumbufu, zina utambi vilevile, ila umefichwa. Anayelisuka tangi lake huiona pamba ikiwa nyeusi, akajua kilichompitia kooni. Mwenye kifaa kilichozibwa haoni kitu; huvuta tu mpaka ladha igeuke. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vifaa hivyo vya kutupwa kuanzia Juni 1, 2025, hasa kwa ajili ya kuwalinda vijana na mazingira.

Nne, sheria nayo isiachwe nyuma. Uganda ilizipiga marufuku sigara za elektroniki katika Sheria yake ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015. Sheria yetu ya 2007 inakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, lakini ilitungwa kabla ya vepu kuzagaa huku, na ililenga bidhaa zenye tumbaku. Mnamo 2024 Seneta Catherine Mumma aliwasilisha mswada wa kuirekebisha ili sigara za elektroniki na vifuko vya nikotini navyo vidhibitiwe. Hiyo ni njia ya busara. Hata hivyo, sheria iliyo bora kuliko zote haifiki bwenini saa nne za usiku. Kinachofika huko ni kile alichobeba mwanafunzi kichwani mwake.

Kwenu wanafunzi, nina neno moja. Msikubali kuambiwa na yeyote, awe mwuzaji au mwalimu, kwamba jambo ni hivi au vile pasipo kulipima. Mkiambiwa kwamba ule ni mvuke tu, ulizeni: mvuke wa nini, kwa joto gani, na pamba ikikauka hutoka nini? Mwenye kuwaletea bidhaa akishindwa kujibu, mmekwisha kujua thamani ya maneno yake.

Na kwenu walimu wenzangu: kiboko kilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, na wengi wetu tulilalamika kwamba tumepokonywa silaha. Silaha yetu halisi haikuwa kiboko. Ilikuwa ni kujua kuliko mwanafunzi, na kumweleza tunachojua akatuamini. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Muhula ujao, katika mada ya mvutano wa viowevu, utambi na utajwe kwa jina lake, kuanzia wa koroboi hadi wa vepu, kabla wanafunzi wetu hawajafundishwa habari zake Kamakis.